Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kuhakiki Kazi ya Akili Unde Inayouzwa kwa Jina la Mkono

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, tuseme ni Ijumaa jioni nawe unapita mtaa wa Majengo mjini Meru, au Majengo ya Embu ikiwa ndiko unakofundisha. Kwenye ukuta wa duka moja imetundikwa picha kubwa ya rangi. Inaonyesha Mlima Kenya wakati wa alfajiri, na mbele yake mama mzee aliyebeba mzigo wa kuni. Karatasi iliyobandikwa chini inasema: KAZI YA MKONO, SHILINGI 4,500.

Unaisogelea. Rangi zinavutia kweli. Lakini kilele cha mlima si kile unachokiona kila asubuhi kabla ya mawingu kukifunika. Ukanda wa mzigo, ambao kina mama wa pande zetu huupitisha kwenye paji la uso, unaanzia kwenye paji na kupotelea katika kitambaa cha kichwa bila kufika kwenye kuni. Unapitisha kidole juu ya turubai: ni laini kama kalenda, wala hakuna mahali brashi ilipoacha alama. Unamwuliza mwenye duka ni nani aliyeichora. Anakujibu, "Ni kijana wetu, mwalimu. Amekesha nayo wiki mbili."

Duka hili ni la mfano tu, lakini mfano wenyewe si wa ajabu tena. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuiagiza programu ya kompyuta imtengenezee picha ya namna hii kwa muda mfupi, aipeleke kwa mpiga chapa, aifanyie fremu na kuitundika. Swali linalotuhusu sisi wahakiki ni hili: je, umedanganywa? Na kama umedanganywa, uongo uko wapi? Uko kwenye picha, kwenye karatasi ya bei, au kwenye matarajio yako mwenyewe?

Makala haya yanalenga kukusaidia kulijibu swali hilo mbele ya wanafunzi wako. Msimamo wake ni mmoja: kosa haliko kwenye mashine, liko kwenye jina. Kazi ya sanaa huja na maelezo kuhusu ilivyotengenezwa, na maelezo hayo ni sehemu ya kile kinachouzwa. Anayeyapotosha ameiba, hata kama picha yenyewe ni nzuri. Aidha, tutaona kwamba msimamo huu unatudai sisi walimu uangalifu zaidi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa ni rahisi mno kumshuku asiye na hatia.

Istilahi: unde, bandia, sanaa, usanii

Hebu tuanze na maneno, maana hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapojua njia. Teknolojia tunayoizungumzia imepewa majina kadhaa: akili unde, akili bandia na akili mnemba. Makala haya yanatumia akili unde, na sababu ipo.

Neno bandia lina lawama ndani yake. Noti bandia, cheti bandia na dawa bandia vyote vinajifanya kuwa kitu ambacho sivyo. Ukiiita picha ya mashine "sanaa bandia" umekwisha kuihukumu kabla hujaichunguza. Neno unde limetokana na kitenzi kuunda, yaani kutengeneza kitu kwa kuunganisha sehemu, kama fundi anavyounda chombo cha baharini. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii inatukumbusha kwamba nyuma ya kila kinachopendeza machoni kuna aliyekiunda, na ni haki kuuliza ni nani na kwa vipi. Basi picha ya akili unde haiwi bandia kwa sababu tu imeundwa na mashine. Inakuwa bandia pale inapoandikiwa KAZI YA MKONO.

Neno sanaa nalo lina historia ya kufaa hapa. Asili yake ni Kiarabu, ambamo shina lake linahusu utengenezaji, ufundi na kazi ya mikono. Msanii kwa asili ni mtengenezaji. Lakini sote tunajua kwamba katika mazungumzo ya Afrika Mashariki neno usanii limepata maana nyingine. Mtu akisema "huo ni usanii tu" anamaanisha ulaghai, maneno matamu ya kumpumbaza msikilizaji. Wape wanafunzi wako maana hizi mbili ubaoni, moja kushoto na nyingine kulia, kisha uwaulize: picha ya dukani Majengo iko upande gani? Watagundua kwamba inaweza kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta

Ni kosa kuwafundisha wanafunzi kwamba kabla ya akili unde kila kilichouzwa kwa jina la mkono kilikuwa cha mkono. Mifano ya karibu ipo.

Kwanza, mtazame Edward Saidi Tingatinga (1932-1972) wa Tanzania. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za viwandani. Alichora kwa miaka michache tu kabla ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Kuigana miongoni mwa wachoraji wa Tingatinga ni jambo la kawaida wala si siri: chui yule yule na ndege wale wale hurudiwa na mikono mingi. Lakini zipo pia picha zilizotiwa saini yake ilhali hakuzichora, na zimeuzwa kwa wakusanyaji kama kazi zake. Ona tofauti. Anayechora kwa mtindo wa Tingatinga na kutia jina lake mwenyewe ni mwanafunzi wa jadi fulani. Anayetia jina la Tingatinga ni mghushi. Picha hizo mbili huenda zikafanana kabisa. Kinachozitenganisha ni jina.

Pili, uchongaji wa Wakamba. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza ufundi huu Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuuleta nyumbani. Ufundi ulienea hadi kwenye vyama vya ushirika vya mijini kama kile cha Changamwe, Mombasa. Mpingo ulipoadimika, baadhi ya wauzaji walianza kupaka mti mweupe rangi ya viatu na kuuita mpingo. Hapa mkono ni wa kweli, kinyago ni cha kweli, ila mti ni wa uongo. Halafu kuna jambo jingine: twiga mmoja wa sokoni huenda amepita katika mikono ya watu watatu, mmoja wa kuchonga, wa pili wa kupiga msasa, wa tatu wa kung'arisha. Mnunuzi anayemwona msanii mmoja aliyekaa chini ya mti anajidanganya mwenyewe. Kwa hiyo hata neno "mkono" linataka kuulizwa: mkono wa nani, na katika hatua gani?

Tatu, kofia. Katika mitaa ya Majengo, ambayo katika miji mingi ya Kenya ilianza kama makazi ya Waswahili, Waislamu na wafanyabiashara enzi za ukoloni, watu wanaijua tofauti kati ya kofia iliyodariziwa kwa mkono, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na ile iliyodariziwa kwa mashine. Zote huvaliwa. Hakuna anayesema kwamba kofia ya mashine ni haramu, na mwenye pesa chache huinunua bila aibu. Ila bei ni mbili, na muuzaji anayeuza ya mashine kwa bei ya mkono akigunduliwa hatarudiwa na mteja. Soko lenyewe limekwisha kutunga kanuni tunayoitafuta: uza chochote, ila sema ni nini.

Mfano wa nne unahusu nchi nzima. Katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2013 na tena mwaka 2015, banda lililobeba jina la Kenya lilijazwa kwa sehemu kubwa kazi za wasanii wa kigeni, wengi wao Wachina. Mwaka 2015 wasanii wa Kenya walipiga kelele, na serikali ikajitenga na banda hilo. Hakuna aliyedai kwamba wasanii hao wa kigeni hawajui kuchora. Malalamiko yalikuwa juu ya jina lililoandikwa mlangoni.

Mashine huchora vipi?

Huwezi kuhakiki usichokielewa, kwa hiyo tupitie jambo hili kwa ufupi. Programu kama Midjourney, DALL-E na Stable Diffusion, zilizoenea kwa kasi kuanzia mwaka 2022, hufunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maneno yanayozieleza. Stable Diffusion ilifunzwa kwa sehemu ya mkusanyiko uitwao LAION-5B, ambao una viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizoko kwenye intaneti. Wenye picha hizo hawakuulizwa, na mwaka 2023 wasanii kadhaa wa Marekani waliwashtaki watengenezaji mahakamani.

Wakati wa mafunzo, picha huchafuliwa kidogo kidogo kwa vidoti hadi isitambulike, na programu hujifunza kurudi kinyumenyume, yaani kuvisafisha vidoti hatua kwa hatua. Ikishahitimu, huanza na vidoti vitupu na kuvisafisha kuelekea maneno uliyoiagiza: "mlima", "alfajiri", "mama mzee", "kuni". Haimkumbuki mama yeyote. Haijawahi kuinua mzigo. Inajua tu kwamba picha zenye maneno hayo kwa kawaida huwa na umbo fulani.

Ndiyo maana mlima wa dukani haukuwa mlima wetu. Mtu wa Meru na mtu wa Embu wanauona Mlima Kenya kutoka pande tofauti, na vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) havikai sawa machoni pao. Mashine haisimami popote. Inakupa mlima wa jumla, na ukanda wa mzigo uliokatika njiani kwa sababu haijui kwamba ukanda ule unavuta uzito. Hapa mwalimu wa fasihi ana silaha ambayo mwalimu wa kompyuta hana: tumezoea kuwauliza wanafunzi kama mandhari ya hadithi ni ya kuaminika. Swali hilo hilo linafaa kwa picha.

Hata hivyo, usiwafundishe wanafunzi kutegemea makosa ya namna hiyo peke yake. Miaka michache iliyopita watu walihesabu vidole, maana mashine zilikuwa zikichora mkono wenye vidole sita. Kosa hilo limepungua sana. Kesho ukanda nao utafika kwenye kuni. Isitoshe, mchoraji wa kweli naye hukosea. Mgeni aliyekuja juzi kutoka Kisumu anaweza kuchora kilele visivyo kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la mwisho: mikono haikukosekana kabisa katika teknolojia hii, imefichwa tu. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili programu ya ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Vimeundwa, kama methali isemavyo, na baadhi ya waundaji ni wenzetu.

Visa vitatu vya kujadiliwa darasani

Visa hivi vilitokea mbali nasi, lakini vimeandikwa wazi na vinafaa kuwekwa mezani pamoja, kwa kuwa kila kimoja kinafundisha jambo tofauti.

(i) Agosti 2022, Jason Allen alishinda katika kitengo cha sanaa ya kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney. Alikuwa ameitaja programu hiyo kwenye fomu. Waamuzi walisema baadaye kwamba hawakujua Midjourney ni akili unde, ingawa waliongeza kuwa wangempa tuzo vivyo hivyo. Funzo: kutaja hakutoshi ikiwa unayemwambia haelewi ulichotaja. Ukweli uliofichwa katika istilahi ngeni ni nusu ya ukweli.

(ii) Aprili 2023, Boris Eldagsen wa Ujerumani alitangazwa mshindi wa kitengo kimoja katika mashindano ya upigaji picha ya Sony. Aliikataa tuzo na kueleza kwamba picha ile haikupigwa kwa kamera bali ilitengenezwa kwa akili unde, na kwamba alitaka kuona kama mashindano yako tayari kwa jambo hilo. Funzo: jicho la mtaalamu halitoshi kutambua.

(iii) Mwaka 2024, mpiga picha Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe, wale ndege wa waridi tuliozoea kuwaona Ziwa Nakuru, katika kitengo cha akili unde cha mashindano mengine. Ikashinda, kisha ikaondolewa kwa kuwa ilikuwa ya kamera. Hakika hiki ndicho kisa muhimu zaidi kati ya vitatu. Kinaonyesha kwamba uongo wa jina unakwenda pande zote mbili. Kanuni ni ile ile: kila kazi iingie kwa jina lake.

Ukitaka mfano wa fasihi, mtaje Rie Kudan wa Japani. Baada ya kutuzwa Tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema mwenyewe kwamba takribani asilimia 5 ya riwaya yake ilitokana na akili unde, na baadaye akafafanua kuwa ni pale ambapo mhusika anazungumza na mashine. Waulize wanafunzi: je, kufichua kwake kunabadilisha usomaji wako? Na asingefichua?

Jina ni ahadi

Huenda mwanafunzi mwerevu akakupinga hivi: "Mwalimu, ulitufundisha kuhakiki matini, si mwandishi. Picha ikinipendeza, inanihusu nini nani aliichora?" Hoja hiyo ina uzito. Mfaransa Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi katika miaka ya 1960, na wahakiki wengi wamemfuata. Kadhalika, fasihi simulizi yetu haina mtunzi mmoja. Nani aliyetunga methali tuliyoanza nayo?

Jibu ni kwamba kutojua mtunzi ni jambo moja, na kudanganywa kuhusu mtunzi ni jambo jingine. Methali haijidai kuwa ya mtu. Inakuja ikisema ni ya wahenga, na kweli ni ya wahenga. Jadi yetu ya maandishi nayo ilikuwa makini katika suala hili. Katika tenzi za kale, mtunzi mara nyingi alijitaja mwishoni, pengine pamoja na tarehe. Mnukuzi aliyenakili utenzi wa mwingine naye alitaja jina lake kama mnukuzi. Mtazame Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeishi takribani kati ya 1855 na 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchongaji wa mbao, na aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi. Mtu wa kipaji kama hicho angeweza kujipa tenzi za watu na nani angejua? Lakini kunukuu ilikuwa kazi ya heshima kwa jina lake yenyewe. Mnukuzi hakuhitaji kujiita mtunzi ili alipwe.

Hapo ndipo palipo kiini cha suala letu. Anayeiagiza mashine picha anaweza kuwa na kazi ya heshima: amefikiri, ameteua maneno, ameagiza mara ishirini, amechagua moja. Basi na ajiite hivyo. Kamera ilipofika kwetu, mpiga picha wa studio hakumwambia mteja kwamba amemchora. Alijenga kazi mpya kwa jina jipya, na wachoraji wa mabango wakaendelea na yao.

Sheria nayo inatusaidia kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Marekani ina msimamo tofauti: mwaka 2025 mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba mtunzi sharti awe binadamu, na ofisi ya hakimiliki huko ikasema kwamba kuagiza tu hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka. Lakini zingatia: sheria yetu inaeleza nani ni mtunzi, haimruhusu mtu kusema amechora kwa mkono. Hilo la pili ni suala la biashara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu kinachouzwa.

Nani anaumia?

Mnunuzi amepoteza tofauti ya bei. Hilo ni dogo. Anayeumia zaidi ni mchoraji aliye duka la tatu kutoka hapo, ambaye kweli alikesha wiki mbili. Picha yake nayo imeandikwa KAZI YA MKONO, na sasa maneno hayo hayana thamani. Mteja aliyedanganywa mara moja atamwambia, "Nyote ni wale wale." Mghushi hakumnyang'anya mteja mmoja tu. Ameharibu neno ambalo mwenzake alilitegemea kula.

Wanafunzi wetu wamekutana na hali hii katika tamthilia ya Kigogo (2016) ya Pauline Kea, ambayo miaka iliyopita ilitahiniwa kama kitabu teule. Sudi, Boza na Kombe ni wachongaji katika karakana ya Soko la Chapakazi, Sagamoyo. Sudi anakataa kuchonga kwa matakwa ya watawala ingawa anaahidiwa malipo makubwa. Wengi wetu tulilifundisha tukio hilo chini ya maudhui ya uzalendo na uongozi, na tukaishia hapo. Lirudie kwa swali jipya: kama kinyago cha mtawala kingeweza kutolewa na mashine kwa saa moja, je, kukataa kwa Sudi kungekuwa na maana gani? Kukataa kwake kuna uzito kwa sababu mkono wake unahitajika. Mkono unaoweza kufanya ndio unaoweza kugoma. Mashine haikatai kumchonga mtu yeyote kwa sababu za dhamiri yake, kwa kuwa hana dhamiri anayeagizwa. Kwa hiyo maneno "kazi ya mkono" hayaelezi ufundi tu. Yanaeleza kwamba kuna mtu aliyekubali kuifanya kazi hii na anayeweza kuulizwa kwa nini.

Darasani: tahadhari kabla ya kumshuku mtu

Sasa tufike kwenye meza yako mwenyewe, kwenye rundo la insha na miradi. Chini ya mtaala wa umilisi, tathmini nyingi hufanyiwa shuleni, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Utaletewa michoro na mashairi, nawe utashuku.

Tuseme msichana kutoka Majengo ameleta insha iliyojaa misemo, sentensi zimetulia, hakuna kosa la upatanisho wa ngeli. Wenzake darasani hawaandiki hivyo. Mkono wako unakwenda kwenye kalamu nyekundu kuandika: "Hii si kazi yako." Ngoja kwanza. Kuna nyumba za Majengo ambamo Kiswahili ndicho lugha ya mama na ya nyanya. Huenda Kiswahili kile kilichokushangaza amekinyonya nyumbani, nawe unataka kumwadhibu kwa kujua somo lako. Jeraha la namna hiyo halifutiki kwa kuomba radhi mbele ya darasa. Mtoto aliyeambiwa kwamba kazi yake bora si yake atakuletea kazi duni muhula ujao, ili aaminiwe.

Wala usikimbilie programu za kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, iliondoa chombo chake chenyewe cha utambuzi Julai 2023 kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba vyombo vya aina hiyo viliwasingizia mara nyingi watu wanaoandika Kiingereza kisicho lugha yao ya kwanza.

Badala yake, fanya yafuatayo:

1. Dai hatua za kazi kabla ya kazi. Mwanafunzi alete mchoro wa awali wa penseli, au rasimu ya kwanza yenye maneno yaliyokatwa, kabla ya kuleta kazi safi. Watangazie mapema, wote pamoja, ili isionekane kuwa adhabu ya mmoja.

2. Muulize kuhusu uamuzi, usimuulize kuhusu hatia. "Kwa nini uliuweka mlima kushoto?" "Neno hili ulilisikia wapi?" Aliyeifanya kazi ana jibu, hata kama ni la kubabaika. Na akikujibu, "Nyanya yangu husema hivyo," umepata somo la fasihi simulizi la bure.

3. Weka nafasi ya kukiri. Kila mradi uwe na mstari mmoja chini: Nilivyoifanya kazi hii. Aliyetumia akili unde aseme ameitumia wapi, kwa lugha ambayo mama yake angeelewa. Ikiwa kazi iliruhusu matumizi hayo, asipoteze alama kwa kusema kweli. Ukimwadhibu msema kweli, umewafundisha wengine kuficha.

4. Kanuni ikuhusu nawe. Ukitumia akili unde kutunga ufahamu wa mtihani wa muhula, andika hivyo. Hatuwezi kudai jina la kweli kwa wanafunzi huku letu tukilificha.

Hitimisho

Turudi kwenye duka la mfano. Hukulazimika kumwita polisi, wala kuihubiria picha. Ungeweza kumwambia mwenye duka, "Ndugu yangu, picha ni nzuri. Andika ilivyotengenezwa, na bei iifuate." Pengine angeuza kwa bei ya chini, lakini karatasi ya jirani yake ingebaki na maana. Kazi yetu walimu si kuwazuia vijana wasiiguse mashine. Ni kuwafanya waone haya kuliandika neno MKONO mahali ambapo mkono haukufika.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya kuigiza mtindo na kazi ya kughushi, ukirejelea uchoraji wa Tingatinga.

2. "Mkono unaoweza kufanya ndio unaoweza kugoma." Jadili kauli hii kwa kumrejelea Sudi katika Kigogo.

3. Fafanua maana mbili za neno usanii. Ni hali gani za kijamii zinazoweza kusababisha neno la sifa ligeuke kuwa la lawama?

4. Andika kikaratasi cha bei cha maneno yasiyozidi ishirini kwa ajili ya picha iliyotengenezwa kwa akili unde, kiwe cha kweli na kimvutie mnunuzi.